Beleshi Liko kwa Berthe

Kilbourn, New Hampshire
11 Novemba 1979

Kwako Mjomba Normand,

Shikamoo. Nakuandikia mtoto akiwa begani, kwa hiyo mahali mwandiko unapopanda mlima ujue ndipo alipocheua. Sisi wazima kwa kiasi cha watu wasiolala. Raynald ameshafunga jembe la theluji mbele ya lori la mji na kila asubuhi analitazama kama bwana harusi. Odile ametimiza miaka mitatu na amejifunza neno "kwa nini", basi nyumba haina tena amani. Étienne anaota meno. Yeye halali, mimi silali, paka tu ndiye mwenye nafuu.

Ombi lako nimelipata. Nimekubali huyo seneta unayemwandikia hotuba aje anywe kahawa jikoni kwangu na majirani wamuulize maswali. Unaijua desturi yetu, kwa kuwa kura za mchujo huanzia kwetu: anayetaka urais wa Amerika lazima kwanza akae kwenye kiti kibovu cha mtu wa huku, ale alichopewa, na asiahidiwe kitu. Bi Berthe Gagnon hapo ng'ambo ya barabara amekwisha kukutana na wagombea sita tangu kiangazi. Ukimuuliza atampa nani kura, anasema, "Bado nawafikiria, hakuna niliyemwona zaidi ya mara mbili."

Nami nina langu. Tangu tulipomzika Babu Onésime hujakanyaga hapa. Mama yangu hayupo, Babu hayupo, upande wetu mkubwa niliyebaki naye ni wewe, na wanangu wanakujua kwa picha. Unakuja naye, huyo seneta? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Usipige simu. Laini yetu bado tunaitumia nyumba nne, na Bi Berthe hupokea hata mlio usipokuwa wake.

Mpwa wako,
Colette

*

Hotelini, Des Moines, Iowa
26 Novemba 1979

Mpendwa Colette,

Marahaba, mwanangu. Pole na meno ya Étienne; mama yako naye alipoota ya kwake hatukulala hadi Pasaka. Mimi mzima, ila nimekula kuku wa karamu za kampeni hadi nahisi manyoya yananiota.

Seneta Hathcock atafika tarehe nane Desemba, saa nane mchana. Usimpe kitu chenye karanga. Usimweke karibu na jiko la kuni, hutoka jasho halafu huonekana vibaya kwenye picha. Anapenda watoto, lakini usimwachie mmoja kwa muda mrefu. Nimemwambia kwenu azungumzie bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto na asitoke hapo. Nimemwambia mara tatu.

Kazi zimenibana huku.

Mjomba wako,
Normand

*

Kilbourn
10 Desemba 1979

Mjomba,

Shikamoo. Sijambo, watoto hawajambo, jino moja limetoka. Kama njia nzima ya kusema huji ni "kazi zimenibana huku", nimeielewa, ila nimeiona fupi.

Sasa keti.

Walikuja watu kama ishirini, wengine wakakaa kwenye ngazi. Seneta akaingia: mtu mrefu, meno kama sahani za harusi, koti jipya la baridi na kikaratasi cha dukani bado kinaning'inia mgongoni. Nilimpa maharage ya kuoka na akala yote, hilo nalisema mbele ya Mungu. Alimpokea Étienne vizuri. Étienne akala tai yake. Akaanza bei ya mafuta, akaenda nayo sawasawa, watu wakiitikia kwa vichwa. Bi Berthe alikuwa ameshaweka chini kazi yake ya kufuma, na hiyo kwake ni heshima ya mizinga.

Halafu Odile akamvuta suruali. "Kwa nini?"

"Kwa nini nini, binti mzuri?"

"Kwa nini unataka kuwa rais?"

Mjomba, yule baba aliganda. Akatazama dari. Dari yetu ina doa la maji lenye sura ya bata. Akalitazama doa kama anaomba msaada. Bibie mmoja wa kampeni mwenye saa mbili mkononi akaanza kusema, "Mafuta, Seneta, mafuta," lakini Seneta alikuwa ameshaweka mkono kifuani.

"Babu yangu," akasema, "alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache. Mwaka mmoja wa shida majirani walimjia wakilalamika. Akasimama akawaambia: Sikuja kuwaambia theluji haitaanguka. Nimekuja kuwaambia beleshi liko wapi."

Akanyamaza ili tuguswe.

Na jikoni kote, kama watu wanaoitikia kanisani, wakasema kwa pamoja, "Liko kwa Berthe."

"Nilishalirudisha," Bi Berthe akasema.

"Lini?" Raynald akauliza.

"Mpini ulikuwa umevunjika. Onésime alijua."

Seneta akageuka huku na huku. "Samahani, Berthe ni nani?"

"Ni mimi, mwanangu. Na babu yako alikuwa analima nini?"

"Machungwa, mama."

"Wapi?"

"Florida."

"Na theluji ikaangukia machungwa?"

"Ulikuwa," akasema taratibu, "mwaka wa baridi sana."

"Lazima ulikuwa wa baridi. Theluji itoke huku hadi kule, tena na beleshi la mji wetu."

Watu walicheka hadi bomba la jiko likatikisika. Seneta naye alicheka, maana hakujua kingine cha kufanya na uso. Aliondoka akiwa amesahau kofia. Odile anaivalisha paka.

Mimi nilicheka pia, nikaacha nilipofika kwenye kuosha vyombo. Kila mtu hapa alikuwepo au anajua aliyekuwepo siku Babu, akiwa msimamizi wa barabara, aliposimama kwenye mkutano wa mji akasema maneno hayo, akamalizia kwa kusema liko kwa Berthe. Hayajawahi kuandikwa popote. Yametoka Kilbourn ndani ya kichwa cha mtu. Na watu wameanza kutaja kichwa cha nani.

Wewe ulimwandikia?

Colette

*

Hotelini, Manchester, New Hampshire
3 Januari 1980

Mpendwa Colette,

Heri ya mwaka mpya wewe, Raynald na watoto. Nilitaka kuwaletea zawadi za Krismasi kwa mkono wangu, nikaishia kuzituma. Natumai mwanasesere wa Odile alifika na miguu yote. Hapa baridi imepungua. Jana jua lilitoka karibu saa nzima.

Nilipata barua yako. Uliielezea siku ile vizuri, ungekuwa mwandishi.

Kuna jambo dogo. Mwandishi mmoja wa gazeti la Boston amesikia habari ya beleshi na anakuja Kilbourn. Kampeni ingeshukuru sana kama ungemwambia kwamba usemi ule ni wa kawaida kaskazini, kwamba wazee wengi walikuwa nao. Si uongo sana. Wazee wengi walikuwa na mabeleshi. Seneta akionekana mwongo kwa jambo la namna hii atakuwa kichekesho hadi siku ya kura, na wanaomwandalia maneno hawatabaki.

Busu watoto.

Normand

*

Kilbourn
14 Januari 1980

Mjomba,

Shikamoo. Mwanasesere alifika na mguu mmoja, na Odile anampenda zaidi hivyo, anasema alikuwa vitani. Raynald amelala mchana huu kwa sababu theluji ilishuka siku mbili mfululizo. Étienne ana meno matatu na ameniuma mahali usipopaswa kuuliza.

Sitasema uongo huo. Nakupenda, na wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli kwenye kile kilima cha makaburi, lakini sitausema. Neno la Babu si kikombe cha kahawa kwamba kila nyumba inacho.

Tena umechelewa, bwana yule ameshafika. Mtu mpole, amevaa viatu vya mjini, alikuwa amelowa hadi magoti. Nikamkausha soksi kwenye jiko. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Lakini huo si usemi wa kawaida huku, mama? Nimeambiwa kila mzee alikuwa nao."

"Ni wa babu yangu Onésime Pelletier. Wengine walikuwa na kikohozi tu."

"Basi Seneta Hathcock ni mwizi?"

Nilikuwa na nepi mkononi, Mjomba, tena si safi. Mtu hafikiri akiwa hivyo. Nikasema, "Hapana. Mwizi wa kuku hampeleki kuku nyumbani kwa mwenyewe akaomba asifiwe kwa mayai. Huyo kapewa kuku na mtu, akaambiwa ni wake."

Akaandika haraka. "Kapewa na nani?"

Hapo nikamwambia mtoto analia. Mtoto alikuwa amelala.

Sikukutaja, basi. Hicho ndicho nilichoweza, na nimefika mwisho wangu. Swali langu la Desemba bado liko mezani.

Colette

*

Njiani, sijui hata mji gani
9 Februari 1980

Colette mwanangu,

Nilianza barua hii mara kadhaa. Kwanza habari, maana huenda huko mna theluji na magazeti yanachelewa: kuku wako ameenda nchi nzima. Nimemsikia redioni, nimemkuta kwa kinyozi. Wiki iliyopita huko kusini mtu alimuuliza Seneta kuhusu mpinzani wake, naye akaweka mkono kifuani akasema, "Kama bibi yangu alivyokuwa akisema, mwizi wa kuku hampeleki kuku nyumbani kwa mwenyewe."

Si mimi niliyempa hilo. Nilisimama nyuma ya ukumbi nikasikia watu wanapiga makofi, nikacheka peke yangu hadi walinzi wakanitazama. Kesho yake niliacha kazi. Kama ni kuacha. Nilipofika kusema naacha, bibie mwenye saa mbili alikuwa ameshika barua ya kunifukuza. Tulipishana mlangoni kwa adabu.

Lile la beleshi nilimwandikia mimi. Nilimwandikia Julai, Iowa, kwa watu wasiomjua Baba. Walisimama wote. Ukumbi mzima, Colette, watu na kofia zao. Nikasema moyoni, unasikia, mzee? Baada ya hapo nilimpa mengine mawili. Nilimkataza kuyasema kwenu, kama vile hilo ndilo lililokuwa kosa.

Usiniombe nije. Siwezi kuingia Kilbourn na watu wakageuka kunitazama.

Normand

*

Kilbourn
28 Februari 1980

Mjomba,

Shikamoo, na asante kwa kusema. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Wazima wote. Odile kauliza kwa nini nalia, nikasema vitunguu, akauliza viko wapi.

Kura za mchujo umeziona. Seneta wako amekuwa wa sita kati ya saba, na wa saba alijitoa kabla ya Krismasi. Hapa Kilbourn amepata kura moja, na watu wanatafutana. Usiniulize. Alikula maharage yote.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na moja Machi ni mkutano wa mji. Bi Berthe ameleta hoja kwamba kibao kitundikwe ukutani kwenye banda la magari ya theluji, chenye maneno ya Babu na jina lake. Kuna wanaosema tungojee kwanza mwenye kuyapeleka nje ajitokeze. Yaani wanakujua. Wamekujua tangu siku ya maharage. Hakuna asiyejua, Mjomba, ni wewe tu unayejificha kwenye kichaka kisicho na majani.

Njoo useme mwenyewe. Ukikaa huko, watakuwa wanakutazama vilevile, ila bila kukuona. Nami nitachoka kukutetea, maana nimechoka tayari kwa mambo mengine.

Kitanda cha chumba cha nyuma kina blanketi mbili.

Colette

*

4 Machi 1980

Colette,

Miaka ishirini nimewaandikia watu cha kusema. Nimekaa tangu asubuhi na karatasi, na sina hata sentensi moja.

Nakuja.

N.

*

Kilbourn
13 Machi 1980

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Étienne alikukamata sikio ukamwacha, kwa hiyo sasa anakamata masikio ya kila mtu, na Padre hakufurahi.

Ningeweza kukwambia haya mdomoni kama ungengoja hata chakula. Nilikuona ukitoka kwa mlango wa nyuma, nikadhani umeenda kuvuta hewa. Kumbe umechukua gari hadi Manchester. Umeacha blanketi zimekunjwa kama askari. Basi nakusimulia ulichokimbia, na mwanzo nausema pia, maana nadhani masikio yako yalikuwa yameziba.

Uliponyanyua mkono, mwenyekiti wa mkutano akakuuliza, "Wewe ni mkazi wa hapa?" Ukasema, "Nimezaliwa pale juu kilimani." Akasema, "Sikuuliza ulizaliwa wapi." Ulibadilika rangi, nami nikataka kumrushia chupa ya maziwa. Lakini ndiyo sheria yetu, asiye mkazi hasemi mpaka mkutano umruhusu kwa kura. Wewe uliinamisha kichwa wakati wa kura, kwa hiyo hukuona. Mikono yote ilikuwa juu. Ya Bi Berthe ilikuwa yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Alichosema ulikisikia: "Aseme, lakini kifupi, maharage yanapoa."

Nawe ukasema, "Maneno yalikuwa ya baba yangu. Nilimpa mtu mwingine bila kuwauliza ninyi wala yeye. Samahani." Ukakaa. Halafu ukatoka.

Bi Berthe akasimama akasema, "Miaka ishirini huyu anaandika hotuba, na hii ndiyo ya kwanza niliyoielewa." Watu wakapiga makofi, Mjomba. Si kama yale ya Iowa, wengi walikuwa na glavu. Lakini yalikuwa ya kwako.

Kibao kimepita. Mabishano yalikuwa juu ya rangi tu, na juu ya kama iandikwe sehemu ya pili. Bi Berthe alipinga kwa nguvu zote, akisema mpini ulikuwa umevunjika. Akashindwa. Itaandikwa yote: Liko kwa Berthe. Amejifanya kukasirika, na ameshamwambia mchoraji aandike jina lake kwa herufi kubwa.

Halafu tukafika kwenye uchaguzi wa maafisa. Unakumbuka kile cheo cha kale cha mkamata nguruwe wa mji, ambacho siku hizi hupewa bwana harusi mpya ili tumcheke? Raynald alikuwa nacho mwaka tuliooana. Mwaka huu hakuna aliyeoa. Mwenyekiti akauliza kama kuna jina. Raynald akasimama, bado ana theluji kwenye buti, akasema, "Normand Pelletier."

"Huyo si mkazi," mwenyekiti akasema. "Afisa lazima alale ndani ya mipaka ya mji."

"Atalala," Raynald akasema.

"Lini?"

Watu wakanigeukia mimi. Nilikuwa na Étienne mkono mmoja na bakuli mkono mwingine, na Odile ananivuta akiuliza kwa nini nguruwe wanakamatwa. Nikasema, "Kabla ya theluji kuyeyuka. Mimi namjibia."

Umechaguliwa bila mpinzani. Ninajua ni mzaha, nawe unajua, lakini hapa mtu hafanyiwi mzaha huo kama si wa hapa.

Ungeweza kukataa kwa barua, na ningekuelewa, isipokuwa kwamba Bi Berthe ana nguruwe mmoja, na jana asubuhi alitoroka. Yuko kwenye matope nyuma ya kanisa. Raynald alikwenda na kamba, Bi Berthe akamzuia barabarani mikono kiunoni. Anasema mji una afisa wa kazi hiyo, na hakuna mtu mwingine atakayemgusa.

Kwa hiyo njoo na buti za mpira, Mjomba. Nguruwe ni mkubwa, na tope linazidi.

Colette